Nani Alisema Liwale Ni Pori Tupu?

Maneno haya niliyasema mbele ya walimu wa Historia na Jiografia wa shule za sekondari tulipokutana Lindi mjini. Nimeyaandika kwa ukamilifu kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika, wakiwamo wale waliozuiwa na barabara. Ramani zilizobandikwa ukutani siku ile nimeziacha, na mahali nilipozitegemea nimeeleza kwa maneno.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mliokubali kuja kukaa nasi, walimu wenzangu, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na wazee wangu shikamooni.

Nimeombwa nizungumze juu ya historia na jiografia ya Wilaya ya Liwale, nami nimepewa saa moja kwa wilaya ambayo huwezi kuivuka kwa siku moja. Kwa hiyo nitaanza na swali badala ya utangulizi. Mwanafunzi wa kidato cha pili akinyoosha mkono na kukuuliza, "Mwalimu, kwa nini Liwale watu ni wachache?", wewe humjibu nini? Nimewauliza walimu wengi swali hili, na majibu huwa mawili tu. Wengine husema, "Kwa sababu ni mbali." Wengine husema, "Kwa sababu ni pori." Majibu hayo hayana uongo, lakini yanatueleza hali ilivyo leo na kutuacha gizani kuhusu namna hali hiyo ilivyopatikana. Mahali huwa mbali kutoka wapi? Na pori hilo limekuwa pori tangu lini?

Ninachotaka kusema leo ni kimoja. Uchache wa watu wa Liwale una tarehe. Una miaka inayojulikana, una amri zilizoandikwa, una majeshi yaliyopita na malori yaliyobeba watu. Liwale ilipunguzwa watu, tena zaidi ya mara moja, na mwalimu anayeifundisha kama nchi ambayo Mungu aliiumba bila wakazi anamfundisha mtoto nusu ya somo.

Tuangalie kwanza ardhi yenyewe. Liwale iko sehemu ya ndani kabisa ya Mkoa wa Lindi, ikipakana na Kilwa kwa upande wa kaskazini na mashariki, Ruangwa na Nachingwea kwa mashariki na kusini-mashariki, Tunduru kwa kusini, na Mkoa wa Morogoro kwa magharibi. Ukubwa wake unazidi kilomita za mraba 30,000, yaani takriban nusu ya mkoa wote. Nchi nzima ya Rwanda, ambayo ina zaidi ya watu milioni 13, ina kilomita za mraba 26,338. Liwale, iliyo kubwa kuliko Rwanda, ilihesabiwa watu 136,505 katika sensa ya mwaka 2022. Mkoa wetu wote ulikuwa na watu 1,194,028, kwa hiyo nusu ya ardhi ya mkoa inakaliwa na mtu mmoja kati ya kila watu tisa wa mkoa. Naomba walimu wa Jiografia mliandike hilo ubaoni, kisha mnyamaze kidogo kabla ya kueleza.

Lakini msongamano huo wa watu wanne hivi kwa kilomita ya mraba unapotosha usipokuwa mwangalifu, kwa maana zaidi ya nusu ya wilaya imo ndani ya hifadhi, ambamo kisheria mtu haruhusiwi kujenga wala kulima. Watu wote mnaowajua wa Liwale mjini, Mihumo, Kibutuka, Kiangara, Barikiwa, Mlembwe na kwingineko wanaishi katika ile sehemu iliyobaki.

Je, ardhi hiyo ni mbovu? Hapana, hata kidogo. Mvua hunyesha msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na kwa kawaida hutosha kwa mtama, mahindi, mpunga wa mabondeni, mbaazi na ufuta. Udongo wa kichanga unaofaa mikorosho upo kwa wingi. Misitu ya miombo ina mninga, mkongo na mpingo, ina asali, na mwaka wa njaa ina ming'oko, ile mizizi ya porini inayoliwa, ambayo ninyi watu wa kusini sina haja ya kuwaeleza. Mito nayo inastahili somo zima. Mvua inayonyesha Liwale hugawanyika: sehemu moja huingia Mto Matandu na kutokea baharini upande wa Kilwa, sehemu nyingine huchukuliwa na Mbwemkuru, na ile ya magharibi hushuka hadi Mto Luwegu, ambao hukutana na Kilombero na hapo ndipo Rufiji inapoanza. Kwa hiyo maji ya mabonde ya magharibi ya Liwale ni sehemu ya maji yanayozungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Watoto wa Liwale wanajua hilo? Wengi hawajui, kwa sababu hatujawaambia.

Sasa kama ardhi si mbovu, watu walikwenda wapi?

Miaka mingi iliyopita niliongozana na askari wa wanyamapori mmoja, mtu wa makamo, mzaliwa wa huko huko, katika eneo la hifadhi upande wa Liwale. Tulitembea asubuhi nzima katika miombo, kisha tukafika mahali ambapo, katikati ya miti ya porini, palikuwa na miembe mikubwa. Nikamwuliza miembe hiyo imefuata nini huku. Akanitazama kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyeuliza swali la darasa la pili, akasema, "Mwalimu, mwembe haujipandi. Hapa palikuwa na kijiji." Kisha akaonyesha kwa mkono upande mmoja baada ya mwingine, akitaja jina la kila kijiji kilichokuwapo. Majina hayo hayamo katika ramani yoyote niliyopata kuitumia darasani. Tangu siku ile nimekuwa mtu wa kuuliza habari za miembe.

Watu waliopanda miembe ile wengi wao walikuwa Wangindo, ingawa nchi hii haikupata kuwa ya kabila moja tu. Wangindo hawakuwa na mfalme wala mji mkuu. Waliishi katika makazi madogo yaliyotawanyika, kila moja na mkubwa wake, wakilima, wakiwinda, na wakikusanya nta na mpira wa porini ambao wafanyabiashara wa pwani waliununua. Mfumo huo wa maisha uliifaa sana nchi pana yenye mvua ya msimu mmoja. Lakini uliwapa shida mara mbili katika karne ya 19: kwanza, njia ya misafara ya watumwa na pembe za ndovu iliyotoka Ziwa Nyasa kwenda Kilwa Kivinje ilipita katika nchi hizi; na pili, vikosi vya Wangoni kutoka upande wa Songea vilifanya mashambulizi ya mara kwa mara kutafuta mateka na chakula. Watu wasio na ngome kubwa hukimbia, na anayekimbia huacha shamba. Kupungua kwa mwanzo kulianzia hapo. Sitakaa sana juu ya habari hiyo, kwa kuwa nyote mnaifundisha, na kwa kuwa jambo kubwa zaidi lilikuja mwaka 1905.

Ndugu walimu, Vita vya Majimaji katika vitabu vyetu huanzia Nandete, katika vilima vya Umatumbi, na hilo ni sahihi. Mwishoni mwa Julai 1905 watu waling'oa pamba ya serikali, na tarehe 4 Agosti Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro. Mwanafunzi akisoma haraka anaweza kudhani kwamba mambo yalikwisha hapo kwa watu wa Rufiji na Umatumbi, kisha yakaibuka tena ghafla Songea. Katikati ya Umatumbi na Songea kuna nini? Kuna Liwale. Na Liwale ndiyo njia ambayo vita vilipitia.

Habari za maji, ile dawa ya Kinjikitile iliyoaminiwa kuwakinga watu na risasi, zilifika kwa Wangindo kwa midomo ya wajumbe waliojulikana kama mahongo. Jambo la kustaajabisha, na ambalo mimi binafsi sichoki kulitafakari, ni kasi yake. Watu wasio na mfalme, wasio na ngoma moja ya kuwaita vitani, waliungana katika muda wa majuma machache. Walikuwa na sababu zao: kodi ya nyumba iliyoanzishwa mwaka 1898, kazi za shuruti, ukali wa maakida na askari. Katikati ya Agosti 1905 walilivamia boma la Wajerumani la Liwale na kuliteketeza, na waliokuwa wakililinda waliuawa. Fikirini uzito wa tendo hilo. Boma lilikuwa serikali yenyewe: ndipo kodi ilipolipwa, ndipo viboko vilipopigwa. Na watu ambao taarifa za kikoloni ziliwaona kuwa ni wa vijiji vidogo visivyo na uongozi ndio walioliangusha.

Siku hizo hizo, tarehe 14 Agosti, msafara wa Askofu Cassian Spiss wa shirika la Wabenediktini ulikuwa ukitoka Kilwa kwenda Peramiho kwa njia ya Liwale. Alikuwa na mabruda wawili na masista wawili. Walikutana na wapiganaji mahali paitwapo Mikukuyumbu, karibu na Liwale, na wote watano waliuawa. Ninaisimulia habari hii mbele ya Waislamu na Wakristo tuliokaa pamoja hapa, na ninaisimulia kwa makusudi, kwa sababu mwalimu hapaswi kuchagua wafu. Waliokufa pale walikuwa watu waliokuwa wakisafiri. Na waliowaua walikuwa watu walioona kila mgeni mweupe kuwa ni tawi la mti ule ule uliowaelemea. Yote mawili yaelezwe darasani, na mtoto aachwe afikiri.

Baada ya hapo yalikuja malipo. Mtu anayeuliza kwa nini Liwale ina watu wachache na asitaje malipo hayo hajajibu chochote. Mtutu wa bunduki uliua wengi, lakini njaa iliua zaidi, na njaa ile ilikuwa silaha iliyochaguliwa. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 1905, chini ya Gavana Götzen, vikosi vya Wajerumani vilichoma vijiji, vikachukua au kuteketeza akiba ya chakula, na kuwazuia watu kupanda. Abdalla Mapanda, mmoja wa viongozi wa vita katika nchi ya Liwale, aliendelea kupigana porini wakati sehemu nyingine zilikuwa zimekwisha kusalimu amri, hadi alipouawa mwanzoni mwa mwaka 1907. Serikali ya Kijerumani ilikadiria kwamba waliokufa katika nchi zote za vita walikuwa 75,000. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa, ambaye alitembea vijijini na kuwasikiliza wazee waliokuwa hai bado, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Wangindo walikuwa miongoni mwa walioumia kupita wote.

Na hapa Historia na Jiografia zinakutana, kwa hiyo naomba walimu wa masomo yote mawili wanisikilize kwa pamoja. Shamba lisipolimwa kwa misimu mitatu au minne hurudi kichaka. Kichaka kikirudi, wanyama hurudi. Wanyama wakirudi, mbung'o hurudi pamoja nao, na mbung'o huleta malale kwa watu na nagana kwa mifugo. Mkulima ambaye zamani alikuwa na majirani wa kusaidiana naye kufyeka na kulinda mazao sasa amebaki peke yake, na mkulima mmoja hawezi kuzuia nguruwe, nyani na tembo. Basi naye huhama. Vita vilikwisha mwaka 1907, lakini kazi yake iliendelea kufanywa na msitu kwa miaka mingi baadaye. Huo ndio ufafanuzi ninaoutaka kwa mtoto wa kidato cha pili: pori la Liwale lilikua juu ya mashamba.

Tukifika wakati wa Waingereza, tunakuta jambo ambalo ninashangaa kwamba halimo kabisa katika mazungumzo yetu. Wajerumani walikuwa wametangaza eneo la hifadhi ya wanyama karibu na Rufiji tangu mwaka 1896, wakati wa Gavana Wissmann. Waingereza walilipanua na, mwaka 1922, wakalipa jina la Frederick Selous, mwindaji aliyeuawa vitani Beho Beho mwezi Januari 1917. Hata hivyo hifadhi ya mwanzo ilikuwa ndogo sana ikilinganishwa na ile tuliyoijua sisi. Ilipanuliwaje hadi ikazidi kilomita za mraba 50,000? Nani alikuwa akikaa katika ardhi iliyoongezwa?

Mtu mmoja anatajwa sana katika habari hii: Constantine Ionides, aliyeingia idara ya wanyamapori mwaka 1933 na kufanya makao yake Liwale. Wazee wa Newala wanamkumbuka kwa jina la Bwana Nyoka, kwa kuwa baadaye alihamia huko akawa mkamataji wa nyoka mashuhuri. Kazi yake Liwale ilikuwa kuwalinda wakulima dhidi ya tembo na wakati huo huo kuwalinda tembo dhidi ya watu, na suluhisho alilolipigania lilikuwa jepesi kulitamka: tembo wawe magharibi, watu wawe mashariki. Tembo waliovamia mashamba ya mashariki walipigwa risasi ili wengine wajifunze kukaa magharibi. Watu wa magharibi je? Wao walihamishwa kwa sababu ya malale. Katika miaka ya 1940 serikali ya Kiingereza iliagiza maelfu ya watu waondoke katika vijiji vyao vilivyotawanyika na kukusanywa katika makazi makubwa ya upande wa mashariki, ambako ilidhaniwa kwamba ufyekaji ungewafukuza mbung'o. Ardhi waliyoiacha iliingizwa katika hifadhi.

Sitaki nionekane kwamba ninasema malale yalikuwa kisingizio. Malale yalikuwapo, na yaliua. Ugonjwa huo usipotibiwa hauna huruma, na dawa za wakati ule zilikuwa chache na kali. Lakini ni haki kuuliza swali ambalo kila mhamishwaji aliliuliza: baada ya ugonjwa kudhibitiwa, mbona hatukurudishwa?

Mzee mmoja wa upande wa Barikiwa alinisimulia yale aliyoyapokea kwa mama yake. Walipewa taarifa ya kuhama mtama ukiwa bado haujakomaa. Mama yake, akiwa msichana wakati huo, aliagizwa na bibi yake apite katika kila kaburi la ukoo akaweke unga, kwa maana hawakujua watarudi lini kutambika. Wakaondoka kwa miguu, wazee wakibebwa kwa machela. Katika makazi mapya nyumba zilipangwa kwa mistari, mtu akajikuta amepakana na ukoo ambao kwao alikuwa hawajui hata jina. Waliokuja upesi walipata mashamba ya karibu, waliochelewa walipata ya mbali. Nilimwuliza yule mzee kama amewahi kwenda kuyaona makaburi yale. Alicheka, akasema kwamba kwenda huko bila kibali ni kesi, na akienda na kibali atawaambia nini askari, kwamba anakwenda kumsalimu bibi?

Wazee mnatikisa vichwa. Naona mna habari zenu pia.

Baada ya uhuru mambo yalikwenda mbio, nami nitayataja kwa mbio. Mkoa wa Lindi uliundwa mwaka 1971 kwa kuugawa Mkoa wa Mtwara, na Liwale ikawa wilaya kamili mwaka 1975. Katika miaka hiyo hiyo watu walihamishwa tena, safari hii kuingia katika vijiji vya ujamaa kando ya barabara. Mwaka 1982 Selous iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka 2019 sehemu kubwa yake, kilomita za mraba 30,893, ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Katikati ya matukio hayo kulikuwa na msiba wa ujangili: tembo waliozidi 100,000 katika mfumo wa Selous mwaka 1976 walikuwa wamebaki 13,000 hivi mwaka 2013. Serikali ilipambana, na tembo wameanza kuongezeka. Huko vijijini ongezeko hilo linajulikana bila ya mtafiti, kwa kuwa linaonekana shambani.

Na hapa tuangalie Liwale ya leo. Nani kati yenu amewahi kulala dunguni, kile kichanja cha kulindia shamba? Mikono michache. Mkulima wa kandokando ya hifadhi, mazao yanapokaribia kukomaa, hupanda dunguni jioni na kukesha, akiwa na tochi, debe la kupiga na moto chini. Analinda dhidi ya nguruwe usiku, nyani mchana, na tembo wakati wowote. Kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 560 nchini Tanzania, na mikoa yetu ya kusini iliongoza. Watafiti waliofuatilia vifo hivyo waligundua kwamba chanzo kimojawapo kilikuwa nguruwe pori: nguruwe hufuata mazao, mkulima hulala shambani kumzuia nguruwe, na simba anayemfuata nguruwe hukuta mtu. Maelezo hayo yana thamani kubwa darasani, kwa sababu yanamtoa mtoto katika habari za simba wa kishirikina na kumwingiza katika uhusiano wa shamba, mnyama na makazi. Nawasihi muwe na adabu mnapoyaeleza, lakini. Katika darasa lolote la Liwale anaweza kuwapo mtoto ambaye simba alimchukua mtu wake.

Nimesema watu ni wachache. Sasa niwaambie kwamba wanaongezeka kuliko tunavyodhani. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 91,380 Liwale. Miaka kumi baadaye walikuwa 136,505. Ongezeko hilo linakaribia nusu, wakati mkoa wote uliongezeka kwa asilimia 38 hivi. Wanatoka wapi? Wengine wamezaliwa. Wengine wamefuata ufuta na korosho, maana bei ya mnadani ikiwa nzuri habari hufika Masasi na Newala kabla ya jua kuzama. Wengine ni wafugaji, ambao walianza kuja kusini kwa wingi baada ya mifugo kuondolewa bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007, na ambao wameikuta nchi inayoitwa tupu na kuamini kwamba ni tupu kweli.

Hapo ndipo ninapowaomba tuwe makini sana. Neno "tupu" limefanya kazi kubwa katika historia ya Liwale. Kila aliyekuja na mpango alikuta nchi tupu. Lakini ardhi ya vijiji ina mipaka, ina misitu yenye wenyewe. Chukueni Msitu wa Angai. Ni hekta 139,420, na unamilikiwa na vijiji. Vilikuwa 13, na baada ya vijiji kugawanywa vikawa 24. Mazungumzo yake yalianza katika miaka ya 1990, yakapitia Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na ilichukua zaidi ya muongo mmoja kwa wanavijiji kupata haki kamili ya kuvuna na kuuza mbao za msitu wao wenyewe. Nilihudhuria mkutano mmoja wa kijiji uliohusu mpaka wa msitu huo. Vijana wa kamati walikuwa na kifaa cha kupimia na karatasi. Bibi mmoja akasimama, akawaambia mpaka wao wa karatasi umekata kisima ambacho kilichimbwa na watu wa ukoo wake, na akakitaja kisima kwa jina. Mkutano ukahamia porini, wakaenda, wakakikuta. Mpaka ukasogezwa. Kumbukumbu ya yule bibi ilikuwa hati.

Kuhusu umbali, nisiseme mengi, kwa kuwa baadhi yenu mmefika hapa jana mkiwa na matope hadi magotini. Kutoka Nangurukuru hadi Liwale ni zaidi ya kilomita 200, na masika barabara hiyo huamua yenyewe nani apite. Mkulima hulipa umbali huo kila msimu: mbegu na viuatilifu vya korosho hufika kwa bei ya juu, na mzigo wake unaposubiri mnada wa chama kikuu cha ushirika cha RUNALI, mwenye shida ya karo au mgonjwa hushindwa kusubiri na kuuza kwa kangomba, yaani kwa wanunuzi wa nje ya mnada, kwa bei ya kutupa. Lakini msisahau kwamba katika karne ya 19 Liwale ilikuwa njiani. Misafara ya kwenda na kutoka pwani ilipita hapo. Ilipogeuka kuwa mwisho wa barabara, hakuna kilima kilichohama. Zilizohama ni njia za biashara, bandari, reli na makao ya serikali. Wakati Waingereza walipojenga bandari ya Mtwara na reli ya Nachingwea kwa ajili ya mradi wa karanga, Liwale ilibaki nje ya mpango huo. Mradi ukafa, reli ikang'olewa baada ya uhuru, na Liwale haikupata hata hasara yake.

Basi, walimu wenzangu, nina ombi, nalo ni la kazi. Wazee waliosikia habari za uhamisho wa miaka ya 1940 kutoka kwa waliohamishwa wamebaki wachache, na waliohamishwa wakiwa watoto ni wachache zaidi. Kila shule ya Liwale, na zile za Nachingwea na Kilwa zinazopakana nayo, iwape wanafunzi wa kidato cha tatu zoezi la likizo: kila mmoja amwendee mzee mmoja, kwa heshima, na aandike mambo manne. Kijiji cha zamani kiliitwaje. Kilikuwa kando ya mto au kijito gani. Waliondoka mwaka gani, au wakati wa tukio gani. Na ni nini kilichoachwa pale: miembe, kisima, makaburi, msikiti. Wale wa shule za Barikiwa, Lilombe, Mlembwe na Mpigamiti, ambako hifadhi iko karibu, ninawaomba muanze ninyi. Daftari zikikusanywa, tutazilinganisha na vitabu vya wilaya vilivyoandikwa na maafisa wa Kiingereza, vilivyohifadhiwa Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Mahali ambapo afisa aliandika kwamba hapana watu, na daftari la mtoto linataja majina ya vijiji vitatu, tutakuwa na somo la Historia ambalo hakuna mtihani uliowahi kulitunga.

Msichana aliyekaa mstari wa pili amekuwa akinyoosha mkono tangu nilipotaja malale, nami nimejifanya simwoni. Mwenyekiti, naomba tuanze maswali kwake.